Bustani ya Dawa Nyuma ya Nyumba

Mnakumbuka habari ya 2 Wafalme 4, ya yule mtu aliyetoka kwenda kuchuma mboga wakati wa njaa. Aliona mmea wa mwitu, akajaza matunda yake katika nguo, akaja akayakatakata chunguni, asiyajue. Walipoonja, wakalia kwamba ni sumu. Basi neno la kwanza la bustani ya dawa ni hilo. Usipande mche uliouokota njiani kwa sababu tu majani yake yanafanana na ya jirani. Omba mbegu au mche kwa mtu aliyeutumia miaka mingi, akuonyeshe kwa kidole.

Mchaichai, ambao wengi kwetu huuita sitroneli, ni mwepesi kuliko yote. Mvua za kwanza zikianza, mwezi wa Septemba au Oktoba, ng'oa shina, uligawanye kwa mkono, kila kipande kiwe na mizizi yake. Kata majani yabaki urefu wa kiganja, kisha panda, ukiacha hatua moja kati ya mmea na mmea. Chai yake hutuliza tumbo lililojaa, tena humpa mgonjwa hamu ya kunywa maji yaliyochemka.

Mshubiri huzaa watoto kando ya mama yao. Chukua mtoto mwenye majani manne au matano, umweke kivulini siku mbili mpaka mahali palipokatwa pakauke, ndipo umpande juu ya tuta. Penye maji yanayotuama utaoza. Ukiungua kidogo jikoni, kwanza poza kwa maji safi ya baridi, halafu paka ule utelezi wa ndani ya jani. Maji ya manjano yaliyo chini ya ganda huharisha vibaya. Mtu asiyanywe, hasa mama mwenye mimba.

Majani machanga ya mpera hufaa kwa kuhara, lakini mtoto anayehara huuawa na upungufu wa maji. Kwa hiyo kwanza mpe lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Sasa nije kwa artemisia, maana ndiyo mnayoiulizia kila Jumapili. Mbegu yake ni kama vumbi. Imwage juu ya udongo laini, usiifunike, wala usiimwagie maji kwa nguvu. Njia iliyo bora ni kukata ncha changa ya tawi, kabla mmea haujatoa maua, maana ukiisha kuchanua unakufa. Ondoa majani ya chini, ichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo, uitilie kivuli cha majani ya mchikichi, na udongo usikauke. Baada ya majuma mawili au matatu hutoa mizizi.

Mimi mwenyewe nilimpa mama mmoja wa upande wa Kabambare mche wa namna hiyo. Nilimfundisha kivuli, mchanga, maji. Sikumfundisha jambo moja. Mtoto wake aliposhikwa na homa, alimnywesha chai siku nne, akiniamini mimi. Walipofika hospitalini mtoto alikuwa katika degedege, ameishiwa damu. Aliishi, lakini maneno yake yalichelewa sana. Mama hakunilaumu, na hilo laniuma kuliko kulaumiwa.

Ni kweli kwamba dawa ya malaria imetoka katika mmea huu. Mama Tu Youyou wa China na wenzake waliipata mwaka 1972, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini hakuipata kwa kuchemsha majani, joto liliiharibu. Chai ina dawa kidogo, tena leo kiasi hiki na kesho kingine. Vijidudu vya malaria visipouawa vyote, vinavyobaki huweza kuzoea dawa. Hapa kwetu Maniema watu walipimwa kwa chai hii, na habari yake ikachapishwa mwaka 2019 kwamba inashinda vidonge. Mwaka 2020 gazeti la wataalamu lililoichapisha likaiondoa. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa chai hiyo.

Kwa hiyo mtu mwenye homa, mkubwa au mdogo, apelekwe siku ileile kwenye kituo cha afya, achomwe kidole, damu ipimwe. Kama ni malaria, atumie vidonge vyote alivyopewa, hata akiona amepona. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege au asiyeamka, usingoje kupambazuke. Mwamshe mwenye baiskeli au pikipiki, hata saa nane za usiku.