Maji ya Njia Yaende Shambani kwa Nani?

Ukitaka kuijua njia ya mlimani, itembelee mvua ikiwa inanyesha. Vaa buti, beba jembe, usiwe na haraka. Utaona maji yanapoingilia njiani, yanaposhika mbio, yanapotuama na yanapotafuta pa kutokea yasipate. Huku kwetu Lushoto, katika Milima ya Usambara, sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu kutunza njia nimejifunza hivyo. Nikiitwa kitongoji kingine kusaidia, swali langu la kwanza ni hilo: maji yenu yanatokea wapi? Majembe yatasubiri.

Nazungumzia njia nyembamba zinazopanda kutoka barabara ya magari hadi kwenye nyumba na mashamba. Barabara kuu na za mikoa zina TANROADS. Za wilaya zina TARURA tangu mwaka 2017. Kijia cha futi nne kinachopita nyuma ya nyumba ya bibi yako kimebaki mikononi mwa wanaokipita na serikali yao ya kijiji. Na ndicho kinachoshusha matenga ya mapeasi, plamsi na kabichi hadi gari linapopakia. Ndicho kinachopitisha watoto wa shule, mgonjwa aliyelazwa kwenye machela, kijana na baiskeli yake, na siku hizi wageni wanaopenda kuizunguka milima yetu kwa baiskeli.

Kijia hicho hufa kwa namna moja karibu kila mahali. Miguu na magurudumu hukandamiza katikati, kingo zikabaki juu. Mvua inayofuata inakuta mfereji umeshachongwa. Maji yaliyopaswa kuvuka njia na kuteremka bondeni yanageuka kuifuata njia yenyewe, yakiongezeka na kupata nguvu kila hatua. Udongo wetu mwekundu ukiloa huteleza, kwa hiyo mwenye mzigo huacha katikati na kukanyaga pembeni, juu ya mahindi ya mtu. Baada ya misimu michache njia ya futi nne imekuwa ya futi kumi, katikati pana korongo, na mwenye shamba ameanza kupanda miba. Ugomvi unaozuka huitwa ugomvi wa mpaka, hata ukafika baraza la kata, na hakuna anayeyataja maji.

Dawa yake ni kuyatoa maji njiani mapema, yakiwa bado machache. Hapo ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu kila mahali unapoyatolea pana shamba la mtu chini yake. Ukimfungulia mtu maji bila kumwambia, ataufukia mtaro wako usiku, na haki iko upande wake. Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza, tembeeni njia nzima mkiwa na mwenyekiti wa kitongoji, mabalozi wa nyumba kumi, na kila mwenye shamba linalopakana na njia. Mkutano wa chini ya mti hautoshi. Mtu akisimama kwenye shamba lake mwenyewe anaonyesha kwa kidole: hapa pitisheni, hapa hapana. Na hakikisheni mwanamke anayelima shamba hilo yupo. Mume anaweza kukubali kwa niaba ya shamba ambalo hajalishikia jembe mwaka mzima, kisha makubaliano yakavunjika siku mama mwenye karoti anapokuta tuta lake limekatwa.

Katika matembezi hayo utashangaa jinsi mahitaji yanavyotofautiana. Mwenye migomba mara nyingi anayataka maji, tena anaomba yaelekezwe shinani. Mwenye karoti au vitunguu hayataki hata kidogo. Kwake tunayavusha mbele hadi penye nyasi au mawe, au tunachimba shimo la kina cha goti, tunalijaza mawe makubwa chini na madogo juu, na upande wa bondeni tunapanda majani ili maji yanayofurika yapungue nguvu. Penye chemchemi hatuelekezi maji ya njia kabisa, maana yanabeba kinyesi cha mifugo na udongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na hata kama isingekuwepo, watu wanachota hapo.

Milima hii ina sababu yake ya kudai makubaliano kwanza. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara, kuanzia bonde la Mlalo, kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa unaondoka kweli. Lakini kazi ilikuja kwa amri na adhabu, mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake, na watu waliipinga hadi mpango ukavunjika kabla ya Uhuru. Kuanzia miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP, ambao ulihimiza mistari ya majani ya malisho na miti kwenye kontua, yaani kukatiza mlima kwa usawa uleule. Mkulima alipata chakula cha ng'ombe palepale alipozuia udongo. Nami ninapoomba ukingo wa njia upandwe majani ya Guatemala au majani ya tembo, naomba kwa sababu mwenye shamba atayakata na kuyapeleka bandani. Jani lisilo na faida kwake litang'olewa, na sioni kwa nini asiling'oe.

Makubaliano yakishapatikana, pimeni mwinuko. Kifaa chake ni fremu ya A, ileile waliyotumia wakulima kutafuta kontua: fito mbili zenye urefu sawa zilizofungwa juu, miguu yake ikiachana mita 2, fito ya tatu ikikatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Isimamishe mahali tambarare, weka alama kamba inapogusa fito ya kati, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Sasa isimamishe njiani, mguu mmoja juu na mwingine chini, kisha weka kipande cha mbao cha sentimita 20 chini ya mguu wa bondeni. Kamba ikitulia kwenye usawa, njia hapo inapanda mita 1 kwa kila mita 10, yaani asilimia 10. Ikiegemea bado upande wa bondeni, pana mwinuko zaidi ya huo.

Asilimia 10 ni kipimo kizuri cha wastani kwa njia ya udongo inayopitwa na watu na baiskeli. Pana kanuni nyingine wanayoifuata wajenzi wa njia za baiskeli za milimani duniani: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima inapopita. Mlima ukiwa na mwinuko wa asilimia 30, njia isipite asilimia 15. Ukizidisha, maji hayavuki tena. Yanaikamata njia na kuteremka nayo. Ndiyo maana zile njia za mkato zinazochana mlima kutoka juu hadi chini huwa makorongo, na hakuna ukarabati unaoziponya. Hizo zihamisheni. Choreni njia mpya ikatize ubavu wa mlima, kisha ifungeni ile ya zamani kwa matawi, mawe na miche, hasa pale inapoanzia, maana macho yakiiona miguu itaifuata.

Kwa njia inayobaki, kazi ya kwanza ni kuondoa ule ukingo wa udongo uliojengeka upande wa bondeni. Watu wengi hudhani unazuia mtu asianguke. Kinachozuiwa hapo ni maji yasitoke. Ukwangueni kwa jembe, kisha inamisheni uso wote wa njia kidogo kuelekea bondeni, asilimia 5 hivi, yaani sentimita 5 kwa kila mita 1 ya upana. Mtembeaji hausikii mwinamo huo, maji yanausikia.

Halafu tengenezeni mibonyeo. Mbonyeo ni mahali ambapo njia inayoteremka inapanda tena kidogo kwa hatua chache kabla ya kuendelea kushuka, na pale chini kabisa pana mlango mpana wa kutolea maji, ule mliokubaliana na mwenye shamba. Penye mwinuko mkali iwekeni karibu, kila hatua 15 au 20. Penye upole iachane. Naipenda mibonyeo kuliko magogo ya kukatiza njia. Gogo la mwati huoza, likioza linaacha shimo, na mwenye baiskeli hulikwepa kwa pembeni hadi anafungua njia ya pili. Pale pasipo na nafasi ya mbonyeo tumieni mawe: yalazeni kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, yazikeni theluthi mbili ardhini, na yatokeze nje ya njia pande zote mbili ili maji yasizunguke.

Ngazi ni jambo la kufikiriwa vizuri. Zinamfaa anayepanda na tenga, lakini zinamfungia mwenye baiskeli na mwenye toroli. Tukijenga ngazi, pembeni yake tunaacha mteremko laini wa upana wa gurudumu na mtu anayelisukuma. Jambo jingine linalosahaulika ni urefu wa juu. Panga linapofyeka, lifyeke hadi mita 2 na nusu au 3, kwa sababu nusu ya wanaopita njia hizi wamebeba kichwani. Tawi lililo juu ya paji la uso la mfyekaji ndilo litakaloangusha ndoo ya mwenzake.

Kuhusu baiskeli, nimesikia mengi: zifukuzwe, zinaharibu. Gurudumu likizunguka kwenye njia kavu yenye mwinuko wa kiasi haliharibu zaidi ya miguu ya ng'ombe. Linaloharibu ni gurudumu lililofungwa breki likaburuzwa, na gurudumu lolote kwenye tope, maana linaacha mstari ambao maji yatautumia. Mibonyeo inasaidia hapa pia, kwani inapunguza kasi yenyewe. Tumekubaliana na vijana wanaotembeza wageni kwamba mvua kubwa ikinyesha, kesho yake baiskeli zinapita barabarani, na kwamba kengele ipigwe kabla ya kona. Anayeshuka humpisha anayepanda. Mwenye mzigo hapishi mtu. Anapishwa na wote, awe mgeni, kijana au mwenyekiti. Kanuni hii ya mwisho nitaitetea popote.

Bodaboda ni habari nzito zaidi. Pikipiki yenye abiria wawili ikipanda kwenye tope inaharibu kwa dakika moja kazi ya asubuhi nzima. Wapo waliopendekeza nguzo za kuzuia. Lakini pengo linaloizuia pikipiki linazuia pia toroli na watu wanaobeba machela, na usiku wa manane mama mjamzito akizidiwa, kila mtu anataka bodaboda ifike mlangoni. Kilichofaa kwetu ni kwenda kijiweni kuzungumza nao kama watu wenye njia yao. Tulipanga pamoja pikipiki ziishie wapi siku za mvua, isipokuwa kwa mgonjwa, na sehemu ile ya chini wanayoitumia zaidi wanaitunza wao. Madereva hawa wanayajua mawe yote ya njia. Uwaalike mapema, kabla kitongoji hakijawafanya maadui.

Kazi yenyewe hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, utaratibu ambao watu wa huku wanaujua tangu utotoni. Chagueni siku isiyo ya gulio, ya ibada wala ya kilele cha kupalilia. Anzeni mapema, malizeni kabla ya jua kali. Gaweni watu kwa vipande, wachache kila kipande, kila kipande kiwe na mtu mmoja anayejua maji yatokee wapi. Sururu na mtalimbo kwa mawe, jembe na chepe kwa udongo, karai kwa kuhamisha. Wazee wasioweza kuchimba wawepo, kwa sababu wanakumbuka njia ilipopita zamani na maji yalipokuwa yakiingia mtoni. Asiyeweza kuja atoe chakula au zana. Faini ipo katika vitongoji vingi; mimi naiona kama kitu cha kuwekwa mwisho, baada ya kumtembelea mtu na kumuuliza kwa nini hakuja. Mara nyingi jibu ni kwamba mtaro wa mwaka jana ulimwagwa kwake.

Njia ikiingia msituni, simameni. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba iko chini ya wakala wa misitu, TFS, na huko hata kuchimba mtaro ni kwa kibali. Pelekeni barua kupitia mtendaji wa kijiji, mwombeni mhifadhi atembee nanyi. Jirani zetu wa Nairobi wanaonyesha ushirikiano wa namna hiyo unavyoweza kufika mbali: Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, leo una njia za miguu na za baiskeli ambazo jumuiya ya marafiki wa msitu imezijenga na kuzitunza pamoja na shirika la misitu la Kenya. Sisi hatuna watu wengi wa kulipa kiingilio kama wao, lakini kuwa na makubaliano ya maandishi na mwenye msitu hakuhitaji kiingilio.

Maandishi yanahitajika hata kijijini. Yale mliyokubaliana mkitembea, yapelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji yaingie kwenye muhtasari. Na jambo likiwa zito, kama upana wa njia unaoliwa na majembe kila msimu, halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Mpaka wa njia upandwe masale mbele ya majirani wa pande zote mbili.

Kazi kubwa ya kuchimba hufanyika Juni, masika yakiisha na udongo ukiwa bado laini. Usafi wa milango ya maji hufanyika mara mbili, Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Hii haihitaji msaragambo: kila mbonyeo una nyumba moja inayoutunza, kwa kawaida iliyo karibu nao zaidi, na jina lake limeandikwa kwenye daftari la balozi. Dakika chache za jembe kuondoa majani na udongo uliojaa zinatosha. Nyumba ikihama, au mwenye jembe akizeeka, balozi analisoma jina hilo kwenye kikao kinachofuata na mwingine anaupokea mbonyeo kabla watu hawajatawanyika.