Taa Katika Vazi: Betri, Uzi na Swichi

Jua linapokuchwa katika Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo, Kariakoo, waendao kwa miguu, mikokoteni na pikipiki hugombea njia moja. Kizibao chenye taa ndogo humwezesha dereva kumwona mtu mapema. Vifaa vya kukitengenezea si vigeni mjini Dar es Salaam: fundi cherehani anazo sindano na vifungo vya chuma, na fundi wa redio anazo diodi za mwanga na transista. Kinachohitajiwa ni elimu ya kuunganisha kazi za mafundi hao wawili.

Uzi unaopitisha umeme

Uzi wa pamba ni kihami. Uzi wa chuma cha pua hupitisha umeme na hushonwa kama uzi mwingine; huo ndio aghalabu hutumika pamoja na LilyPad Arduino, kibao cha elektroniki cha kushonwa katika nguo kilichobuniwa na Leah Buechley wa Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 2007. Hata hivyo, ukinzani wake ni mkubwa sana kuliko wa waya wa shaba.

Tuseme kizibao kina diodi nyekundu 5 zilizounganishwa sambamba, na kila moja huhitaji mkondo wa miliampea 10. Jumla ni miliampea 50, yaani ampea 0.05. Ikiwa uzi wote, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 50, basi kwa kanuni ya Ohm:

V = I × R = 0.05 × 50 = volti 2.5

Betri ya volti 3 ingebakiza volti 0.5 tu, ilhali diodi nyekundu huhitaji takriban volti 2. Kwa hiyo mkondo huo hauwezi kupatikana, na taa zitafifia. Kosa si la betri wala la diodi, bali la njia.

Mahali pa swichi

Dawa ni kuupitisha mkondo mkubwa katika waya mwembamba wa shaba wenye gamba la plastiki, na kuuachia uzi mkondo mdogo wa kuamrisha. Kazi hiyo hufanywa na transista ya aina ya NPN. Emita huungwa na ncha hasi ya betri. Kolekta huungwa na upande hasi wa taa, kila taa ikiwa na rezista yake ya omu 100. Upande chanya wa taa huenda kwenye ncha chanya ya betri. Beisi hupitia rezista ya omu 1,000, kisha uzi, hadi kifungo cha chuma cha kubonyeza kilichopo kwenye ukosi. Nusu ya pili ya kifungo huungwa na ncha chanya. Mvaaji akifunga kifungo, taa huwaka.

Beisi huhitaji volti 0.7 hivi. Bila uzi, mkondo wake ni 2.3 ÷ 1,000, yaani miliampea 2.3. Uzi wa omu 50 ukiongezwa, mkondo huwa 2.3 ÷ 1,050, yaani miliampea 2.2. Uzi ule ule ulioziharibu taa sasa hauleti madhara yoyote.

Uteuzi wa betri

Betri ya kidonge ya CR2032 ina volti 3 na uwezo wa takriban miliampea-saa 220, lakini imekusudiwa mkondo mdogo. Haifai kwa miliampea 50. Betri kavu mbili za AA zilizowekwa mfululizo katika mfuko wa kizibao zinafaa zaidi.

Tahadhari

Betri ya kidonge ikimezwa na mtoto na kukwama kooni, umeme wake huzalisha alkali katika unyevu na kuunguza nyama kwa saa 2 tu. Mtoto akimbizwe hospitali bila kungoja. Betri ya simu isichomwe sindano wala ncha zake zisigusane, kwani huweza kuwaka moto. Kabla ya kufua, betri zitolewe.

Maswali

1. Diodi zikipunguzwa kuwa 2 bila transista, uzi wa omu 50 utapoteza volti ngapi?
2. Kwa nini jasho likilowesha kifungo kilicho wazi, taa huweza kuwaka kidogo?
3. Chora mzunguko wote, na uonyeshe mahali pa mkondo mkubwa na pa mkondo mdogo.