Unataka kuandika habari zako na unaogopa? Vidokezo saba vya kuanzia

Wapo watu wengi wenye madaftari yaliyojaa, na wengine wameandika kurasa na kurasa kwenye simu, ila hakuna mwingine aliyewahi kuzisoma. Kuandika wanajua. Kinachowashinda ni kutoa. Kama nawe umo, vidokezo hivi ni vyako.

1. Mjue unayemwogopa

Ukisema "watu watasemaje", hao watu hawana sura, na asiye na sura hawezi kujibiwa. Jiulize: ni nani hasa? Mara nyingi ni wawili watatu tu: mwalimu aliyezipiga insha zako mistari myekundu, shangazi asiyependa mambo ya nyumbani yasikike nje, mfanyakazi mwenzako anayeponda kila kitu. Waandike kwenye karatasi, kisha amua nani ana hoja ya kusikilizwa. Shangazi anayo, nitamrudia. Mponda kila kitu hana.

2. Mwandikie mtu mmoja

Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha enzi za ukoloni, alieleza habari zake katika *Maisha Yangu*. Humo mna tenzi mbili za kuwausia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Ni baba anazungumza na watoto wake, na bado wasomaji ambao hakuwajua wamezisoma tenzi hizo hadi leo. Nawe chagua mtu wako: mdogo wako aliye chuoni, au rafiki mliyesoma naye. Andika kana kwamba mmeketi meza moja. Sauti italainika yenyewe, na hutajikuta unahutubia taifa.

3. Anza na kitu kinachoshikika

Woga hutufanya tujifiche nyuma ya maneno makubwa. Tazama mianzo hii miwili.

Wa kwanza: "Elimu ni ufunguo wa maisha, na wazazi wana mchango mkubwa katika maendeleo ya mtoto."

Wa pili: "Januari ile baba alirudi nyumbani kwa miguu. Baiskeli yake ya Phoenix alikuwa ameshaiuza, na fedha za sare zangu za kidato cha kwanza alizifunga kwenye leso."

Wa kwanza hauna hatari yoyote. Yeyote angeweza kuuandika, ndiyo maana msomaji anaupita. Wa pili unatisha kidogo kwa sababu baba yumo ndani yake, na baiskeli yake imo. Moyo ukikudunda kwenye sentensi fulani, usiharakishe kuifuta. Aghalabu hiyo ndiyo iliyokufanya ushike kalamu.

4. Yanayowahusu wenzio, uliza kwanza

Hapa sasa shangazi ana haki yake. Mengi tunayoyaita "habari zangu" ni ya watu wengi: ugonjwa wa mama, talaka ya dada, deni la kaka. Mwenye habari akiwa hai, msomee sehemu inayomhusu kabla haijatoka. Akikataa, iache. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi pale ambapo mtaa mzima unajua nyumba ya pili kutoka msikitini ni ya nani. Naliamini hili kwa dhati: hakuna aya nzuri kiasi cha kuvunja udugu. Tena ukishapata ruhusa, sehemu kubwa ya woga huondoka, maana huogopi tena simu ya kutoka nyumbani.

5. Lugha isikufunge

Rasimu ya kwanza iandike kama unavyosema. Kamusi ifungue kesho yake. Halafu soma kwa sauti: ulimi unapojikwaa, pana sentensi ya kukata.

6. Hujachelewa

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021. Mwandishi Adam Shafi alikuwa ameshapita miaka 70 alipochapisha *Mbali na Nyumbani* mwaka 2013, akisimulia safari za ujana wake. Miaka hiyo yote safari zilimsubiri.

7. Taja siku, kisha toa

"Nitatoa ikiiva" ni ahadi isiyo na tarehe. Chagua siku na umwambie mtu mmoja atakayekuuliza. Ukurasa mmoja unatosha kwa kuanzia. Ukishautoa, weka simu chini, nenda kafue au katembee, usikae kuhesabu waliosoma. Mwanzoni huenda wakawa wachache sana, na hiyo ni nafuu kwako: unapata nafasi ya kujifunza kabla hawajaongezeka. Atakayekuonyesha kosa la tahajia, mshukuru na ulisahihishe. Atakayetukana, mpite. Atakayekuambia "hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo", mjibu, kwa kuwa huyo ndiye uliyekuwa ukimwandikia bila kumjua.

Kile kipande ulichokiandika mwaka jana ukakificha, kitafute usiku huu. Kisome kwa sauti, kata kinachostahili kukatwa, na kabla ya Ijumaa mpe mtu akisome.