Afya ya Dereva na Leseni Yake

Kuendesha gari si kazi ya mikono na miguu tu. Ni kazi ya macho na akili pia. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 80 katika sekunde tano. Dereva akizimia kwa muda huo mfupi, gari huenda bila mwenye kuliongoza, na huenda mbele yake wako watoto watokao shule.

Sheria za Uingereza zaonyesha vema jinsi hatari hiyo izuiwavyo. Kwanza macho: dereva sharti aweze kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20, na ahitajiye miwani lazima aivae. Pili kifafa: aliyeanguka kwa ugonjwa huu kwa kawaida haendeshi motokaa mpaka upite mwaka mzima bila kuanguka tena; mwenye lori au basi hungoja miaka 10, tena bila kutumia dawa ya kifafa. Tatu kisukari: atumiaye insulini hupima damu kabla ya safari, kwani sukari ikishuka mno, mwili hutetemeka na fahamu hupotea.

Wako madereva wafichao ugonjwa kwa kuogopa kupoteza kazi, na hofu yao yaeleweka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Yampasa dereva amweleze daktari habari kamili. Leseni iliyozuiliwa yaweza kurudishwa. Roho iliyopotea barabarani hairudi.