Binti Yetu Amehitimu Uuguzi, Aanzie Wodi Gani?

Somo la toleo hili limetokana na mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama ambacho sisi hukitembelea. Kikundi hicho kilimlipia karo binti wa mwenzao aliyekuwa chuoni akisomea uuguzi. Pesa zilitoka kwa mzunguko, kwa kuuza kuku na mahindi, na mara moja kwa harambee. Sasa binti amemaliza, amepita mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya na leseni anayo. Tena ana nafasi tatu mkononi, zote za kandarasi: zahanati iliyo karibu na nyumbani, leba ya hospitali ya kaunti, na hospitali ya kibinafsi mjini inayomtaka kwenye mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. (Kupata tatu ni bahati. Wengi hungoja hata moja kwa miaka.)

Mkutano uligawanyika. Wazee walisema aje zahanati, si tulimsomesha atutibu sisi? Wengine wakasema aende penye mshahara mkubwa, arudishe deni la kikundi haraka. Mama yake alinyamaza. Binti mwenyewe hakuulizwa mpaka chai ilipokwisha. Ndipo tukaombwa tuseme neno, kwa kuwa baadhi yetu ni wauguzi.

Tulisema hivi: kabla hamjauliza mshahara, ulizeni zamu ya usiku ya kwanza atasimama na nani.

Kwanza tuondoe hofu moja. Wodi ya kwanza si ndoa. Muuguzi anayetoka chuoni kwa diploma amefundishwa uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii, kwa hiyo anaweza kuanzia karibu popote. Ubingwa wenyewe huja baadaye. Mtu akishafanya kazi kwa muda, anaweza kurudi chuoni, kwa kawaida mwaka mmoja, asomee diploma ya juu: thieta, wagonjwa mahututi, figo, watoto, macho, magonjwa ya akili na kadhalika. Vyuo hupenda mtu aliyekwisha kushika wagonjwa. Kwa hiyo asichague kana kwamba mlango mmoja ukifungwa yote yamekwisha.

Lakini pia tusidanganyane kwamba popote ni sawa. Miezi ya kwanza ndiyo mikono hujifunza mazoea, na mazoea mabaya hushika kama mazuri. Muuguzi mpya anajua mambo mengi kutoka vitabuni, ila hajajua lipi ni la haraka na lipi linaweza kungoja. Hilo hujifunzwa kwa kumtazama mwenzako aliyekaa miaka kumi akipita kitandani na kusema, "Huyu simpendi anavyopumua." Bila mtu wa namna hiyo karibu, utajifunza kwa makosa, na makosa yetu hulipwa na mtu mwingine.

Chukueni mfano wa leba. Mama akishajifungua, hatari kubwa ni kutokwa na damu nyingi. Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali takriban 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wauguzi waliwekewa karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari chini ya mama, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikifika kiasi cha hatari, mambo yote yalifanywa pamoja bila kungoja moja lishindwe: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuufanya ujikaze, dawa ya kuzuia damu isiendelee kutoka, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Visa vibaya vilipungua kwa asilimia 60. Haya, hesabuni mikono. Mmoja anakanda, mwingine anatafuta mshipa, mwingine anavuta dawa kwenye sindano. Hiyo ni kazi ya watu wawili au watatu.

Mmoja wetu alianzia kituo kidogo, hatutakitaja. Wiki ya tatu aliachwa usiku peke yake. Mama alijifungua salama, kisha damu ikaanza. Muuguzi wetu alikuwa na mkono mmoja tumboni, na kwa mkono wa pili anatafuta mshipa ambao ulikuwa umejificha. Mlinzi wa lango ndiye aliyeshika tochi. Gari lilipatikana alfajiri. Yule mama aliishi, twashukuru, lakini mwenzetu alikaa miaka minne akikwepa leba, na alikuwa mkunga mzuri. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ndiyo sababu tunasita kuhusu zahanati kama mahali pa kuanzia. Kule ni daraja la 2 katika mpangilio wa afya wa Kenya, na mara nyingi muuguzi ni mmoja au wawili. Asubuhi yeye ni wa chanjo, mchana wa jeraha la panga, jioni wa mtoto mwenye homa. Ni kazi kubwa na ya heshima, ila inafaa zaidi kwa mtu aliyekwisha kukomaa. Mtazameni huyo mtoto mwenye homa. Dawa yake hupimwa kwa uzito: paracetamol ni kama miligramu 15 kwa kila kilo, basi mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 150. Sifuri moja ikiongezwa, ni dawa ya zaidi ya mtu mzima. Wodini mwenzako husoma hesabu yako kabla ya kumpa mtoto. Zahanati ni wewe na kalamu yako.

Hospitali ya kibinafsi nayo? Mashine ya figo si jambo baya, na wagonjwa wake wengi huja mara mbili kwa wiki, saa kama nne kila mara, hata mnajuana majina. Tatizo ni kwamba mtu akianzia hapo na kukaa, mambo mengine ya chuoni huanza kumtoka. Kama tungekuwa wazazi wake, tungetaka kwanza apitie wodi ya kawaida ya wagonjwa wazima, au leba yenye watu wa kutosha.

Tukamshauri binti apige simu kote kutatu na kumwuliza mkuu wa wodi, yule tunayemwita inchaji, maswali ya wazi. Nitafanya kazi na mwenye uzoefu kwa wiki ngapi kabla ya kuachwa? Usiku tunakuwa wangapi, na wagonjwa ni wangapi? Jambo likinizidi namwita nani, na huyo anakaa wapi? Wodi hubadilishwa baada ya muda gani? Inchaji mmoja alijibu yote bila kukasirika na kumwambia miezi mitatu ya kwanza hataachwa usiku peke yake. Wa pili alisema, "Ukifika utaona." Wa tatu hakushika simu.

Binti alichagua leba ya kaunti. Mshahara ni mdogo kuliko wa mjini, na wakati mwingine huchelewa. Kikundi kililazimika kufungua tena daftari: badala ya kuanza kukatwa mwezi wa kwanza, ataanza mwezi wa saba, na kiasi kidogo. Wazee hawakufurahi sana. Mmoja aliuliza kama zahanati ameisahau, naye akajibu, "La, shosho, nitakuja nikiwa najua."

Mkikutana, jadilianeni: kikundi chetu kinaposomesha mtoto, tumeandika deni litalipwa lini, au tunangoja mshahara wa kwanza tugombane? Zahanati yetu ina wauguzi wangapi usiku, na ni nani kati yetu anayekaa kwenye kamati yake? Na yule kijana wetu aliye chuoni sasa, ni lini mara ya mwisho tulimwuliza yeye mwenyewe anapenda kazi gani?