Waridi la Kupanda: Tunalipanda au Linapanda?

Tuanze na sarufi kabla ya kushika jembe. Kitenzi "panda" kina maana kadhaa, na mbili zinatuhusu hapa. Mkulima hupanda mahindi, naye tumbili hupanda mti. Je, mtu akikuuzia "waridi la kupanda", amekusudia maana ipi? Kwa wauza miche wa kando ya barabara jibu ni moja tu: "Hii inapanda mpaka juu, hata kwa mabati. Wewe nunua tu!" Basi mtu hununua, akachimba shimo, akangoja. Miaka miwili ikipita, ama ukuta uko vile vile, ama mfereji wa paa umeng'olewa na matawi na maji ya mvua hayafiki tena tangini.

Somo hili ni lako wewe ambaye siku moja utaulizwa nyumbani, "Wewe uliyesoma, tupande maua gani hapa mbele?" Swali hilo si la mzaha. Mwaridi ukitunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka 20, na kuung'oa ukishakomaa ni kazi ya panga, glavu na damu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini mchagua mche ndiye mkulima hasa.

AINA ZA MIARIDI

Kuna miaridi ya aina tatu ambayo watu huichanganya.

Ya kwanza ni ya vichaka. Hii ndiyo ikuzwayo kule Naivasha katika nyumba za plastiki ili maua yake yauzwe ng'ambo. Hata ukiuegemeza ukutani mwaka mzima, mwaridi wa kichaka utasimama wima kama kuruta gwarideni, wala hautapanda.

Ya pili ni ya kupanda. Matawi yake ni manene na magumu kiasi, aghalabu hufika mita 3 hadi 5, na mingi huchanua tena na tena.

Ya tatu tuiite ya kuzurura. Matawi yake ni membamba, marefu na hupindika kwa urahisi. Maua yake ni madogo, ya vishada, na nguvu zake ni za ajabu.

Nguvu hizo usizifanyie mchezo. Kule Uingereza, katika bustani ya Kiftsgate Court, umo mwaridi wa kuzurura uitwao 'Kiftsgate' ambao umekwea miti kupita mita 15. Mjini Tombstone, jimbo la Arizona nchini Marekani, mwaridi uliopandwa mwaka 1885 umeenea kama dari juu ya ua mzima. Umetegemezwa kwa nguzo, na wageni huketi kivulini mwake. Mche mmoja huo! Sasa hebu ufikirie kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 yenye nyumba, tangi, kamba ya nguo na mbuzi wawili.

Isitoshe, mingi ya kuzurura huchanua mara moja tu kwa mwaka, baada ya kupitia majira ya baridi kali. Sisi tulio karibu na ikweta tuna mchana wa karibu saa 12 mwaka mzima, na baridi yetu ya Julai, hata ile ya Limuru, si kitu mbele ya theluji ya Ulaya. Mwaridi kama huo ukiuleta huku, tarajia majani tele na maua haba. Kwa hivyo nguvu peke yake si sifa. Mtu wa nyanda za juu atafute mwaridi wenye nguvu na ambao hurudia kuchanua. Ndugu zetu wa Pwani, penye joto na unyevu mwingi, bogenvilia itawafaa kuliko waridi.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA PESA

1. Nafasi ni kiasi gani? Chukua futi kamba upime ukuta, urefu na upana. Mwaridi wa mita 5 kwenye ukuta wa mita 2 ni ugomvi wa kila mwezi.

2. Jua ni la kutosha? Waridi hutaka jua la saa 6 hivi kwa siku. Ukuta unaotazama mashariki ni mzuri kwa sababu jua la asubuhi hukausha umande mapema, nao ukungu wa magonjwa hupenda majani mabichi.

3. Nani hupita hapo? Karibu na mlango, ambapo nyanya hupita na watoto hukimbia, usiweke mwaridi wa miiba mingi.

4. Utaegemea nini? Waya na nguzo ziwepo kwanza, mche baadaye.

5. Unastahimili magonjwa? Muulize muuzaji kuhusu madoa meusi na ubwiri unga. Akikuambia, "Huu haugonjeki kamwe," muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Yafuatayo ni majina machache ya kuulizia. 'New Dawn' wa mwaka 1930 una maua ya waridi iliyopauka na nguvu nyingi. Mwaka 1931 ulikuwa mmea wa kwanza kabisa kupewa hataza nchini Marekani. 'Madame Alfred Carrière' wa Ufaransa, mwaka 1879, una maua meupe, miiba michache, na huvumilia kivuli kidogo. 'Zéphirine Drouhin' wa mwaka 1868 hauna miiba na hunukia sana, ila hushikwa na ukungu upesi, kwa hivyo penye umande mwingi utakutesa. 'Climbing Iceberg', mweupe, haulalamikii joto. Hapa unaona kwamba hakuna uliokamilika. Kuchagua ni kujua kasoro ipi unaweza kuishi nayo.

KUPANDA NA KUPANDISHA

Mvua za masika zikianza, chimba shimo la sentimita 50 kila upande, sentimita 40 hivi kutoka ukutani, maana chini ya paa udongo hubaki mkavu hata mvua ikinyesha. Changanya udongo na samadi iliyooza. Ikiwa mche umeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine, machipukizi yatokayo chini ya kiungo yang'oe, la sivyo mwaridi-mwitu utauangamiza ule ulionunua.

Sasa turudi kwenye sarufi yetu. Mkarakara una vijikono vya kujishikia kwenye waya. Mwaridi hauna. Miiba yake husaidia kidogo tu kujikwamisha kwenye matawi ya miti, lakini ukutani hauna pa kushika. Hivyo, kwa kweli mwaridi haupandi, ila hupandishwa. Kauli ya kutendeshwa ndiyo siri yote, na mtenda ni wewe mwenye kamba ya mkonge mkononi.

Tena usiufunge wima. Chipukizi la kileleni ni kama kiranja mkuu. Hutuma homoni chini kuyazuia machipukizi ya kando yasiinuke. Ukililaza tawi kimlalo kwenye waya, kiranja hupoteza madaraka, na karibu kila jicho huchipuza kijitawi chenye maua. Fanya hivyo tawi likiwa changa. Samaki mkunje angali mbichi, kwani tawi kuukuu huvunjika. Ndiyo maana majirani wawili wenye mwaridi wa aina moja huweza kupata matokeo tofauti: mmoja maua kileleni tu, mwingine ukuta mzima.

ZOEZI

(a) Tunga sentensi mbili zinazotofautisha maana za "panda" zilizotajwa.
(b) Andika kauli ya kutendeshwa ya vitenzi hivi: lala, simama, egemea.
(c) Pima ukuta mmoja wa nyumbani kwenu, uchunguze jua hulipiga saa ngapi, kisha ueleze kwa aya moja ni mwaridi wa aina gani ungeufaa, na kwa nini. Ukiona haufai mwaridi wowote, sema hivyo. Hilo nalo ni jibu.