Treni au Teksi hadi Syokimau: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Syokimau ni safari fupi kwenye ramani na ndefu kwenye Barabara ya Mombasa. Tangu stesheni ya Syokimau ifunguliwe Novemba 2012, asiyetaka matatu ana njia mbili: treni ya abiria inayopitia Makadara na Imara Daima, au teksi. Wengi huchagua kwa mazoea, wengine kwa majivuno. Acheni yote mawili. Yanayoamua ni matatu tu: saa, mzigo, na umbali wa mlango wako na stesheni.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tazama saa kwanza, nauli baadaye. Treni hii ni ya watu wa kazi: asubuhi huwaleta mjini, jioni huwarudisha. Saa kumi na moja unusu jioni, Barabara ya Mombasa ikiwa imefunga kuanzia Nyayo hadi Cabanas, panda treni. Saa tano mchana usiketi stesheni ukingoja treni ambayo haiko kwenye ratiba. Ita teksi, barabara inapitika.

2. Hesabu safari nzima, kutoka mlango hadi mlango. Jumlisha nauli ya treni, bodaboda ya kukufikisha nyumbani ukishuka, na mwendo wa miguu kutoka ofisini. Mwenye ofisi kwenye Barabara ya Haile Selassie yuko hatua chache tu kutoka Stesheni Kuu. Mwenye ofisi Westlands atakula msongamano wa kuingia mjini kabla hata hajaiona treni, na huyo teksi inamfaa zaidi.

3. Elewaneni kuhusu Expressway kabla gari halijaondoka. Barabara hiyo ya juu ya kilomita 27, kutoka Westlands hadi Mlolongo, ilianza kutumika 2022, na anayeipita hulipa ada. Dereva atauliza, "Juu ama chini?" Kabla ya kujibu, muulize ada ni kiasi gani na kama iko ndani ya nauli. Ukinyamaza hapo, utabishana ukifika langoni kwako.

4. Mkiwa wanne, gawaneni. Teksi ya mtu mmoja ni anasa. Ya watu wanne wanaoshuka mtaa mmoja huenda isizidi sana treni na bodaboda mkiweka pamoja.

5. Ukienda kupanda treni ya Mombasa, jipe saa nzima ya ziada. Kituo cha treni hiyo, cha reli ya kisasa (SGR), kiko hukohuko Syokimau, lakini kufika langoni si kufika kitini. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasogea nyuma, mbwa anapita akinusa begi moja baada ya jingine, kisha mnapanga foleni ya mashine ya ukaguzi. Hakuna dereva anayeweza kukufidia muda huo, hata akiruka juu ya Expressway.

6. Kata tiketi mapema na ufike kabla ya wakati. Treni haimngoji mtu. Aliyechelewa asimgombeze mkata tiketi.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usimfuate mtu anayekushika mkono nje ya kituo cha SGR usiku akisema, "Teksi, boss, town?" Abiria wa treni inayotoka Mombasa saa nne usiku hufika kabla ya kukucha, na uchovu huwafanya wakubali lolote. Ita gari kwa programu ya teksi, kisha linganisha namba yake na ile iliyo kwenye simu. Jina lako usilitaje wewe. Mwache dereva alitaje yeye.

2. Usikubali kughairi safari kwenye programu ili mlipane pembeni. Shida ya dereva inajulikana: kanuni za 2022 za teksi za programu zinairuhusu kampuni yenye programu kumkata hadi asilimia 18 ya nauli, na petroli ananunua mwenyewe. Ukitaka kumsaidia, muongezee kitu juu mkifika. Ukighairi, likitokea la kutokea hakuna kumbukumbu kwamba uliwahi kuingia kwenye gari lile.

3. Usikimbilie teksi kwa sababu mawingu yamefunga. Mvua ikinyesha, kila mtu jijini anaita gari kwa wakati mmoja: bei inapanda, na lile la dakika tano linakuwa la dakika arobaini. Hapo treni ndiyo kimbilio. Lakini mafuriko yakizidi, reli nayo hufungwa, kama ilivyokuwa Aprili 2024. Uliza kwanza, ndipo utoke.

4. Usiende stesheni Jumapili au sikukuu kwa kubahatisha. Ratiba ya Jumatatu haikuhusu siku hizo.

5. Usiingie treni ya jioni na gunia, godoro au jokofu. Watu wamesimama bega kwa bega, na njia unayoiziba ni ya mama mwenye mtoto mgongoni. Mwenye mzigo alipie mzigo wake: ita teksi.

6. Usichezee simu dirishani. Treni ikipunguza mwendo, au teksi ikikwama Haile Selassie, mkono wa mwizi ni mwepesi kuliko wako. Kioo juu, simu mfukoni.

7. Usipande teksi ili majirani wakuone ukishuka. Hawakulipii nauli. Wala usipande treni kwa ubahili, kisha ukashuka gizani na kutembea kilomita mbili na laptopu mgongoni. Rahisi huwa ghali.

KANUNI YA MWISHO

Stesheni iko karibu, mzigo ni mwepesi, na saa ni ya treni: panda treni. Likikosekana mojawapo, piga hesabu upya. Yakikosekana mawili, ita teksi na ulipe bila kulalamika. Na uamuzi huo ufanye ukiwa bado kwenye kiti cha ofisi. Anayeanza kuamua akiwa barabarani mara nyingi huikosa treni, kisha teksi akaipata kwa bei ya waliokosa treni.